NAULI SI MSHAHARA: MFANYAKAZI ANAYEHAMISHWA ASIKAMULIWE MARA MBILI



Yako maneno mawili ya Kiswahili ambayo kila mtoto wa shule anaweza kuyatofautisha, ila watunga sheria za kodi yanawashinda. Neno la kwanza ni faida. Neno la pili ni fidia. Faida ni kile unachokipata juu ya ulichokuwa nacho. Fidia ni kurudishiwa kilichokutoka mkononi. Mtu aliyetoa shilingi mia moja akarudishiwa shilingi mia moja hakupata kitu. Amerudi pale pale alipokuwa. Basi leo tunataka kuuliza swali moja, na tunataka wenye mamlaka walijibu bila kuzungukazunguka: mfanyakazi aliyehamishwa na mwajiri wake, akatoa fedha yake kulipia lori na nauli, kisha akarudishiwa fedha hiyo, amepata mapato gani hata akatwe kodi?

Tunauliza hivyo kwa sababu jambo hili linawagusa maelfu ya watu wanaofanya kazi kwa mishahara. Linamgusa karani wa benki anayetolewa Mwanza kupelekwa Mtwara, na fundi wa kiwanda anayeambiwa tawi jipya limefunguliwa Mbeya. Linamgusa mlinzi wa kampuni binafsi, mwalimu wa shule ya binafsi, muuguzi wa hospitali ya binafsi. Watu hawa hawakuomba kuhama. Barua imekuja Ijumaa, Jumatatu ya wiki ya pili watakiwa wawe kituo kipya. Nao wanatii, kwa kuwa asiyetii hana kazi.

SHERIA INASEMAJE

Tusibishane kwa hisia. Tufungue sheria yenyewe. Tanzania inatumia Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332. Kifungu chake cha 7 ndicho kinachoeleza mapato ya ajira ni kitu gani. Kifungu hicho kinaanza kwa kukusanya kila kitu: mshahara, malipo ya likizo, bakshishi, posho, na pia malipo yoyote ya kumrudishia mfanyakazi gharama alizotumia. Angalieni hapo. Sheria imeanza kwa kusema kwamba kurudishiwa gharama nako ni mapato. Baada ya hapo ndipo inapofungua vidirisha vichache vya kutokea.

Kidirisha cha kwanza ni posho ya kujikimu au ya safari ambayo ni marejesho matupu ya fedha iliyotumika moja kwa moja, na yote kabisa, katika kuzalisha mapato ya kazi hiyo. Huyu ni yule aliyetumwa Arusha kwa siku tatu kukagua duka, akarudi. Kidirisha cha pili ndicho kinachohusu kuhama. Sheria inasema nauli ya kumpeleka mfanyakazi mahali pa kazi au kumrudisha, yeye na mwenzi wake na watoto wao wasiozidi wanne, haitahesabiwa kuwa mapato, mradi ilingane na gharama halisi ya safari, mradi makazi yake yawe zaidi ya maili 20 kutoka mahali pa kazi, na mradi awe ameajiriwa kumtumikia mwajiri huyo peke yake mahali hapo.

Mtu mwenye haraka atasema, "Basi mnalalamikia nini? Nauli imesamehewa." Ndugu, asiyejua maana haambiwi maana. Hebu tukisome kidirisha hicho neno kwa neno, tuone ni mtu wa namna gani anayeweza kupita.

Kwanza, kinataja nauli ya watu. Hakitaji kitanda, meza, jiko, godoro, wala mashine ya kushonea ya mama. Hakitaji lori. Sasa nani asiyejua kwamba katika kuhama nauli ya basi ndiyo senti ndogo, na fuso ndiyo inayokula fedha? Mtu anaweza kuisafirisha familia yake kwa basi kutoka Mwanza hadi Mtwara, lakini mwenye fuso atataka mara nyingi zaidi ya hapo. Fedha kubwa ya kuhama imeachwa nje ya dirisha.

Pili, kinamtazama mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya mahali pale. Yule ambaye tayari yuko kazini miaka kumi, kisha akahamishwa kwa amri, hakutajwa waziwazi. Mwajiri mwenye moyo mzuri atasema anaingia. Mwajiri mwoga, anayeogopa faini ya mkaguzi, atasema haingii, na atakata. Sheria inayomfanya mwajiri mwema ahofu kutenda wema ni sheria yenye kasoro.

Tatu, kinahesabu watoto wanne. Mwenye watano je? Na mama mzazi aliyezeeka anayelelewa na mwanawe je? Na yatima wa ndugu yetu, ambaye sisi Waafrika hatujawahi kumwita mzigo bali twamwita mwanangu? Mtunga sheria hakuijua nyumba ya Mwafrika.

Nne, ndugu, ni hizo maili. Watoto wetu shuleni hufundishwa kilomita. Vibao vya barabarani vimeandikwa kilomita. Lakini sheria iliyotungwa na Bunge letu mwaka 2004, miaka zaidi ya arobaini baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa, inampimia mfanyakazi wa Tanzania haki yake kwa maili. Jambo hili si dogo kama linavyoonekana, kwa sababu alama ya kidole humtaja mwenye kidole.

KIDOLE CHA NANI?

Kodi ya mapato ilianzishwa Kenya mwaka 1937, na Tanganyika mwaka 1940. Mwaka 1952, na tena mwaka 1958, ilitungwa sheria ya pamoja ya kodi ya mapato kwa nchi za Afrika Mashariki, chini ya tume ya wakoloni iliyozisimamia nchi hizo. Mwaka 1973 Kenya na Tanzania kila moja ikatunga sheria yake, lakini mbegu ilitoka ghala lile lile.

Sasa tukumbuke siku hizo nani alikuwa akihama, na kwa namna gani. Walihama watu wa namna mbili. Wa kwanza ni bwana mkubwa aliyetoka Ulaya kwa meli. Nauli yake ililipwa, ya mke wake ililipwa, na alipokwenda likizo kwao alilipiwa kwenda na kurudi. Wa pili ni manamba. Huyu alitolewa Kigoma, Songea, au Ruanda-Urundi akapelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuwakusanya na kuwasafirisha watu hao, iliyoitwa SILABU. Manamba naye alisafirishwa, lakini alisafirishwa kama mzigo. Hapakuwa na haja ya kusamehe fanicha zake kodi, kwa maana hakuwa na fanicha. Alikuwa na blanketi na sufuria.

Sheria iliyotoka katika zama hizo ilimjua bwana wa meli, na ilimjua mtu wa blanketi. Haikumjua mfanyakazi wa leo: Mwafrika mwenye nyumba, mwenye mke aliye na biashara yake ndogo, mwenye watoto shuleni na vyombo vya ndani alivyovinunua kimoja kimoja kwa jasho. Uhuru ulimzaa mtu huyu. Sheria ya kodi bado haijaandikisha kuzaliwa kwake.

Mkidhani tunatia chumvi, tazameni sheria ya Kenya, Sura ya 470. Kifungu chake cha 5 kinasamehe gharama ya nauli kati ya Kenya na nchi ya nje inayolipwa na mwajiri. Imesamehewa kwa nani? Kwa mfanyakazi aliyeajiriwa nje ya Kenya, aliyeko Kenya kwa ajili ya kumtumikia mwajiri huyo tu, na ambaye si raia wa Kenya. Someni tena, ndugu zetu wa Kenya: ambaye si raia. Mgeni anayeletwa kwa ndege kutoka ng'ambo, nauli yake haiguswi. Mwana wa nchi anayetolewa Kisumu kupelekwa Garissa hakuandikiwa mstari kama huo. Hatuna ugomvi na mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hapa mgeni amekuja na ndiye aliyepona, mwenyeji anaugua katika nchi yake mwenyewe. Hii ndiyo harufu ya meli ya ukoloni, nayo haijatoka ndani ya nyumba.

HESABU HAIDANGANYI

Maneno matupu hayavunji mfupa. Tuweke mfano wa kubuni, lakini tufanye hesabu ya kweli, kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza kutumika Julai 2021 Tanzania Bara. Shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Hadi 760,000 ni asilimia 20. Hadi 1,000,000 ni asilimia 25. Juu ya hapo ni asilimia 30.

Karani wetu analipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Tuache michango ya hifadhi ya jamii ili hesabu iwe nyepesi. Kodi yake ya kila mwezi ni shilingi 78,000. Amehamishwa. Lori, wapakiaji, kulala njiani, vyote vimemgharimu shilingi 1,500,000, ambazo amezikopa. Mwajiri wake, kwa haki kabisa, anamrudishia shilingi 1,500,000, lakini anazipitisha katika mshahara wa mwezi ule. Sasa mapato yake ya mwezi kwa macho ya kodi ni shilingi 2,300,000. Kodi inaruka kutoka 78,000 hadi 518,000. Yaani katika ile 1,500,000, kodi imekula 440,000.

Mtu wa hesabu za serikali atasema kwamba mapato hupimwa kwa mwaka mzima, si kwa mwezi. Haya, tumkubalie. Tukiieneza fedha ile juu ya mwaka mzima, inaangukia fungu la asilimia 25, na kodi yake ni shilingi 375,000. Ni nafuu ya mtu aliyepigwa fimbo ishirini badala ya ishirini na tano.

Sasa rudini kwa karani. Alikopa 1,500,000. Amerudishiwa 1,060,000 mkononi. Mwenye deni anadai 1,500,000. Zile 440,000 zitatoka wapi? Zitatoka katika ada ya mtoto, katika unga, katika kodi ya chumba kipya ambako mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Huyu ni mtu aliyetii amri ya kazi. Amelipishwa zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi kwa kosa la kutii.

Na huku kukamuliwa ndiko tunakokuita mara mbili. Mshahara wake ulikwisha katwa kodi. Kwa mshahara huo uliokwisha katwa ndimo atakamolipia deni la lori. Sasa na lile alilorudishiwa limekatwa tena. Ng'ombe mmoja, ndama mmoja, lakini wakamuaji wawili.

MASHINE IKIHAMA NA MTU AKIHAMA

Iko hoja moja ambayo kila mwanachama anapaswa kuishika, kwa kuwa haina jibu. Kampuni ikihamisha mashine kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, gharama ya lori inahesabiwa kuwa gharama ya biashara. Inapunguzwa katika mapato ya kampuni kabla ya kampuni kulipa kodi yake. Hakuna anayesema mashine imepata mapato. Hakuna anayeikata mashine asilimia 30.

Wiki ile ile kampuni hiyo inamhamisha fundi anayeiendesha mashine hiyo. Lori la pili linakwenda Mbeya limebeba kitanda chake. Kampuni inalihesabu lori hilo pia kuwa gharama ya biashara, na inalipunguza katika mapato yake. Lakini kwa fundi, lori lile lile limegeuka mshahara! Kwa bwana ni gharama, kwa mtumishi ni utajiri. Mashine inahama bure. Mtu anayeifanya mashine iende anatozwa ushuru wa kuhama ndani ya nchi yake. Tunauliza: nani alisema chuma kina haki kuliko mwanadamu?

Mabepari na mawakili wao wana jibu lao, nalo tulisikilize. Wanasema kitanda ni mali binafsi ya fundi, na kukihamisha ni starehe yake, si kazi ya kampuni. La hasha! Fundi hakukihamisha kitanda kwa kuwa hewa ya Mbeya ni nzuri. Amekihamisha kwa kuwa kampuni imesema kazi iko Mbeya. Asingehamishwa, kitanda kingekuwa pale pale kilipokuwa. Chanzo cha gharama ni amri ya mwajiri, na faida ya amri hiyo ni ya mwajiri. Mwenye kula nyama ndiye alipe bei ya mbuzi.

BUNGE MOJA, MWAKA MMOJA, MIDOMO MIWILI

Tena liko jambo la ajabu. Mwaka ule ule wa 2004, Bunge lile lile lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kifungu chake cha 43 kinasema kwamba ajira ikikoma mahali pasipo pale mtu alipoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kumsafirisha yeye pamoja na vitu vyake hadi pale alipomwajiri, au kulipia usafiri huo, na kumpa fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Msikieni mtunga sheria ya kazi: yeye pamoja na vitu vyake. Alijua kwamba binadamu hahami mikono mitupu. Mtunga sheria ya kodi, katika mwaka huo huo na chini ya paa lile lile, alisema nauli peke yake. Mdomo mmoja unasema chukua vyombo vyako, mdomo wa pili unasema vyombo vyako ni mapato. Mfanyakazi ausikilize upi?

Tena ndani ya sheria hiyo hiyo ya kodi upo ubaguzi mwingine. Kifungu cha 7 kinawasamehe watumishi wa serikali, na wa taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku ya serikali, kodi ya posho kadhaa: ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya kazi za ziada, ya mazingira magumu. Mtumishi wa kampuni binafsi anayepata posho hizo hizo anakatwa. Tusielewane vibaya. Hatusemi mtumishi wa serikali anyang'anywe. Mtumishi wa serikali ana mateso yake, na kilio cha walimu kuhusu malimbikizo ya fedha za uhamisho kimesikika kwa miaka mingi mno. Asiyelipwa kabisa na anayelipwa kisha akakatwa ni ndugu wa tumbo moja. Tunachosema ni kwamba kilicho haki kwa mmoja kiwe haki kwa wote. Jua la Mtwara halimchomi mtumishi wa serikali zaidi ya muuguzi wa hospitali ya binafsi.

Fikirini habari ya Dodoma. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie huko. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba sasa serikali inahamia kweli, na wizara zikahama. Lakini wizara haihami peke yake. Nyuma yake zinafuata benki, kampuni za ulinzi, wapiga chapa, hoteli, mawakala wa kila namna, na watu wao. Uamuzi ni wa taifa, heshima ni ya taifa. Iweje gharama ya mlinzi na ya karani wa benki ihesabiwe kuwa ni utajiri wao binafsi?

WENGINE WANAFANYAJE

Watatuambia kwamba ndivyo dunia inavyokwenda. Haya, tuitazame dunia.

Uingereza, aliyetuachia maili zake, kwake amefanya namna nyingine. Tangu mwaka 1993 sheria yake inaruhusu mwajiri amlipie mfanyakazi gharama za kuhamia kazini hadi pauni 8,000 bila kodi, zikiwa ni pamoja na kusafirisha vyombo vya nyumbani. Kiasi hicho hakijaongezwa tangu wakati huo, na wafanyakazi wa huko wana haki ya kulalamika. Lakini walau kitanda cha Mwingereza kinatambuliwa na sheria.

Marekani ni somo la namna nyingine, nalo ni somo la kuogopesha. Tangu sheria ya mwaka 1964 mfanyakazi wa Marekani aliruhusiwa kupunguza gharama za kuhamia kazini katika hesabu ya kodi yake. Sheria zilibadilika mara kadhaa, na mwaka 1993 ikathibitishwa kwamba akirudishiwa na mwajiri gharama halisi za kusafirisha vyombo na za safari yake, marejesho hayo si mapato. Kisha ikaja sheria ya kodi ya Desemba 2017. Sheria hiyo iliwapunguzia makampuni kodi kutoka asilimia 35 hadi asilimia 21, tena moja kwa moja bila mwisho. Na katika vitu walivyonyang'anywa wafanyakazi kuanzia mwaka 2018 kimojawapo ni hicho cha kuhama. Waliambiwa ni kwa muda tu, hadi mwisho wa 2025. Julai 2025 ikatungwa sheria nyingine, na ule muda ukafanywa wa milele. Tajiri amepewa cha kudumu tangu siku ya kwanza. Mfanyakazi amenyang'anywa kwa muda, kisha muda ukapotea njia. Hata ndugu zetu wasemao Kiswahili walioko huko, wakihamishwa jimbo hadi jimbo na makampuni yao, wanayaona makato hayo katika hati zao za mshahara.

Lakini angalieni nani aliachwa salama. Askari wa jeshi anayehamishwa kwa amri hakuguswa, na mwaka 2025 wakaongezwa watu wa idara za ujasusi. Kwa nini? Kwa sababu serikali ya Marekani yenyewe inajua kwamba mtu anayehamishwa kwa amri hakupata faida. Ikiwa ni kweli kwa askari, ni kweli kwa karani.

HOJA ZA HAZINA NA MAJIBU YETU

Hazina itasema: tukisamehe, waajiri watadanganya, wataita mshahara kuwa ni fedha ya kuhama. Hofu hiyo si ya kupuuza, nasi hatuutetei udanganyifu. Lakini dawa ya mwizi wa kuku si kuwachinja kuku wote. Iko barua ya uhamisho, nayo ina tarehe. Iko tiketi. Yako mapatano na mwenye lori. Mtu hahami kila mwezi. Mkaguzi anayeweza kukagua mauzo ya duka zima hashindwi kukagua barua moja.

Hazina itasema: wenye malori hawatoi risiti za mashine. Basi kosa hilo la mwenye lori kwa nini alipe fundi? Iwekwe kadirio la kila kilomita, lijulikane na wote, na asiye na risiti alitumie hilo. Kenya imekwisha onyesha kwamba kadirio linawezekana: tangu Julai 2025 posho ya kujikimu safarini hadi shilingi 10,000 za Kenya kwa siku haidaiwi hesabu za risiti wala haikatwi kodi.

Hazina itasema: nchi inahitaji fedha kwa shule na hospitali. Kweli, inahitaji, na mwanachama wetu hakimbii kodi. Kodi ndiyo inayojenga nchi. Lakini kodi hutozwa juu ya pato, na pasipo na pato kinachotozwa ni jeraha. Tena kodi hii inaiumiza hiyo hiyo shule na hiyo hospitali. Mwajiri anayetaka fundi wetu wa 800,000 abaki na 1,500,000 kamili mkononi itambidi atoe zaidi ya 2,128,000. Zaidi ya 628,000 zinakwenda kodi tu. Akiona hivyo atafanya nini? Atamchagua kijana asiye na familia. Au atamwambia baba aende peke yake, mke na watoto wabaki. Hapo ndipo nyumba inapovunjika vipande viwili: sufuria mbili, kodi za pango mbili, na watoto wanaomwona baba yao siku ya Krismasi au ya Idi.

Na hapo taifa nalo linapoteza. Nchi yetu ilijengwa na watu waliohamishwa. Mhaya alifundisha Lindi, Mmakonde alitibu Musoma, Mchaga aliuza stempu Kigoma, watoto wao wakacheza pamoja wakasema lugha moja. Umoja tunaojivunia haukushuka kutoka mbinguni. Ulipanda malori na magari moshi pamoja na vitanda. Kila kitu kinachomfanya mfanyakazi aogope kuhama kinaula umoja huo taratibu, kama mchwa.

TUNADAI NINI

Tunadai mambo matano, wala hatuoni kwamba hata moja ni kubwa mno.

Kwanza, sheria iseme kwa maneno mepesi kwamba kurudishiwa gharama halisi za kuhama kwa ajili ya kazi si mapato.

Pili, vyombo vya nyumbani vihesabiwe pamoja na nauli, na aliyekuwa kazini tayari atajwe sawasawa na aliyeajiriwa jana.

Tatu, maili zifutwe, ziwekwe kilomita. Na idadi ya watoto iondolewe, wahesabiwe wote wanaomtegemea mfanyakazi kwa kweli.

Nne, mtumishi wa serikali na wa kampuni wapimwe kwa pishi moja. Na huko Kenya, mwana wa nchi apate walau alichopewa mgeni.

Tano, fedha ya uhamisho ilipwe kabla mtu hajafunga mizigo, ili asikope.

Wakati tunadai hayo, tusikae tumekunja mikono. Mfanyakazi uliyepewa barua ya uhamisho, usipokee fedha kichwa kichwa. Mwombe mwajiri akate tiketi za familia yako yeye mwenyewe, na nauli iandikwe mbali na mshahara. Tunza kila karatasi. Isome hati yako ya mshahara mstari kwa mstari, na pale penye makato usiyoyaelewa, uliza. Nanyi viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mnapokaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, msiishie kwenye asilimia za nyongeza. Andikeni kwamba mwajiri akimhamisha mtu, na kodi ya kuhama ni juu yake yeye aliyehamisha, hadi hapo sheria itakaporekebishwa. Nanyi wanachama, mbunge wenu akija tawini msimwimbie nyimbo tu. Mwulizeni: je, nauli ni mshahara? Akisema siyo, mwambieni akaseme hivyo hivyo Dodoma wakati muswada wa fedha unaposomwa.

Sheria si msahafu. Iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya. Tulipoambiwa kwamba kujitawala haiwezekani, hatukukubali. Basi tusikubali kuambiwa leo kwamba kumwachia fundi gharama ya kitanda chake ndilo jambo lisilowezekana. Fidia si faida. Nauli si mshahara. Mwenye kutii amri ya kazi asiadhibiwe kwa kutii.

UMOJA NI NGUVU.